Nafasi ya Mshono

Jumapili, Machi 3

Daftari hili nimepewa na Sista, muuguzi wa zahanati, niandike habari za mguu wa mke wangu. Alitaka tarehe, ukubwa wa kidonda, rangi, harufu na maumivu, basi. Lakini daftari lina kurasa mia mbili na kidonda ni kimoja, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Mimi ni fundi wa nguo. Mke wangu ni msusi. Tunafanya kazi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: mbele yuko yeye na viti vyake viwili na kioo, nyuma niko mimi na cherehani na meza ya kukatia. Miaka ishirini na sita ananiita Fundi na mimi namwita Msusi. Binti yetu alipokuwa mdogo alidhani ndiyo majina tuliyozaliwa nayo.

Desemba alijigonga kwenye mguu wa kiti, upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Ulikuwa mchubuko tu, hata plasta hakuweka. Sasa pana kidonda cha kuingia yai la kuku. Sista anasema mishipa ya miguu yake imechoka kwa kusimama, damu inashuka lakini haipandi vizuri, na ngozi iliyovimba hivyo haiwezi kujifunga. Dawa yake ni bendeji ya kubana, kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti, pamoja na kuinua mguu na kuvumilia. Kisha akasema, bila hata kupepesa macho, kwamba kikizidi kukua kitafika kwenye mfupa, na hapo mazungumzo yatakuwa ya kukata. Binti mdogo kuliko mwanetu, analitamka neno hilo kama ninavyolitamka mimi mezani kwangu. Sikumpenda.

Kwa kuwa mvua zinakaribia, na daraja la kwenda zahanati hufunikwa na maji, amenielekeza kupima nyumbani. Kila Jumapili nafungua bendeji, natandika plastiki angavu juu ya kidonda, nazungusha kalamu pembeni yake, halafu naiweka plastiki juu ya daftari la hesabu na kuhesabu miraba iliyo ndani ya mstari. Upande wa chini wa kidonda kuna baka jeusi alilozaliwa nalo. Hilo nalitia nukta kila mara, ili plastiki zote zilingane zikipandanishwa. Kati ya baka na kidonda pana upana wa kidole changu kimoja.

Nimechora leo kwa mara ya kwanza. Mstari umetoka safi, haukanyagi wekundu hata chembe. Miraba 108. Msusi aliutazama akasema laiti magauni yake ningeyakata kwa heshima hiyo.

Jumatano, Machi 6

Mvua ya kwanza. Bati linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya pasi.

Ijumaa, Machi 8

Mwalimu alikuja kusukwa. Huyu ni mwalimu wa sayansi wa sekondari, mteja wa miaka mingi. Nywele zake za mbele zilikuwa zimeng'oka kwa kusukwa kwa kubana, paji la uso limepanda mpaka utosini. Tangu Januari Msusi anamtia matone ya buluu, na amekataa katakata kuzikaza tena nywele za mbele. Leo pameota malaika, vinyweleo laini kama vya kifaranga. Mwalimu alijitazama kiooni muda mrefu, akajifuta macho na kusingizia dawa ya kuoshea.

Matone hayo hutumwa na binti yetu, anayefanya kazi katika duka la vipodozi mji mwingine. Kwenye chupa imeandikwa peptidi za shaba. Nilimwuliza Mwalimu ndiyo nini. Akanieleza kuwa ni vipande vidogo sana vya protini vilivyoshika shaba. Miili yetu yenyewe inavyo, katika damu, na hupungua mtu anapozeeka. Watafiti wanaamini vinasaidia mwili kukarabati ngozi na kushikilia nywele, ila bado wanachunguza kwa kiasi gani. Nikamwuliza kama ni shaba ileile ya nyaya za umeme. Akasema ileile, kidogo mno, na ndiyo inayotia ule ubuluu.

Jumapili, Machi 10

Miraba 104. Bendeji inamtesa. Nikimfunga anauma kona ya kanga.

Jumatano, Machi 13

Leo mteja mgeni aliomba mlango ufunguliwe. Mvua ilikuwa inaingia mpaka kwenye mkeka, lakini aliomba ufunguliwe. Msusi aliufungua, akaendelea kusuka, akasimulia hadithi yake ya bibi harusi aliyesinzia kwenye kiti akaamka amenyolewa. Wote wakacheka. Mteja alipoondoka Msusi alipita nyuma ya pazia, akakaa juu ya mfuko wangu wa vipande, akasema, "Ni mguu wangu, Fundi. Ananikimbia mtu kwa ajili ya mguu wangu."

Nilimwambia huenda ni harufu ya ile dawa ya nywele. Aliufunika mguu kwa kanga, akarudi mbele.

Jumapili, Machi 17

Miraba 101. Saba tu kwa wiki mbili. Msusi amesema kwa mwendo huu atapona akiwa amekwisha kuzikwa.

Jumanne, Machi 19

Asubuhi nilimkuta ameinua mguu juu ya kiti cha wateja, bendeji imekunjwa vizuri pembeni, chupa ya buluu mkononi. Akadondosha matone matano. Wekundu ukageuka zambarau kidogo, kisha rangi ikapotea. Akavuta pumzi kama mtu aliyetua ndoo.

Nilipiga simu kwa binti, nikaiweka spika. Akapandisha sauti kidogo, jambo ambalo si kawaida yake. "Mama, hiyo si ya kidonda. Soma boksi. Ni ya ngozi isiyo na jeraha."

Msusi akamjibu kuwa kichwa cha Mwalimu ni ngozi, na mguu wake ni ngozi, na shaba haiulizi iko wapi. Binti akaniomba mimi nimkanye. Nilisema nitaona. Kuona kwenyewe kulikuwa hivi: matone yanatakiwa asubuhi na jioni, na bendeji haifunguliki mara mbili kwa siku, basi bendeji ikawekwa kabatini. Sikumzuia. Nilikuwa nimechoka kumwumiza kwa mikono yangu.

Ijumaa, Machi 22

Sista alipiga simu kuuliza vipimo. Nikampa. Nikajisifu kidogo kwamba mstari wangu ni safi na haugusi nyama hata mahali pamoja. Akasema hapana, sivyo, wino upite mdomoni mwa kidonda penyewe, pale wekundu unapokutana na ngozi. Nikamwambia sawa. Mtu akikaa na vijana lazima akubali kusahihishwa hata pasipo kosa.

Habari za matone sikumwambia. Za bendeji pia sikumwambia.

Jumapili, Machi 24

Miraba 61.

Nimehesabu mara tatu. Nimehesabu kuanzia kulia, nimehesabu kuanzia kushoto, kisha Msusi akahesabu mwenyewe kwa ncha ya chanuo. Sitini na moja. Wiki moja iliyopita ilikuwa mia na moja. Matone yameanza Jumanne.

Nilipandanisha plastiki mbili, nukta ya baka juu ya nukta, nikaziinua dirishani. Mstari mpya umekaa ndani ya ule wa zamani pande zote, kama mtoto tumboni. Msusi alitazama, halafu akaanza kulia kwa sauti, na mimi nikalia pamoja naye, watu wazima wawili na kipande cha plastiki. Mke wangu anapona.

Jumatatu, Machi 25

Nilimpigia Sista mwenyewe kumpa habari. Akauliza, "Baba, umechora vizuri?"

Nimechora nguo za watu miaka thelathini. Nimekata suti za mabwana harusi na kanzu za mashehe, hakuna aliyezirudisha. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema atapita aone kwa macho yake daraja likiruhusu. Nilikata simu kabla yake.

Ijumaa, Machi 29

Mvua. Pazia la ofisi ya kata, mita kumi na nne.

Jumapili, Machi 31

62. Kalamu inaanza kufa, mstari umekuwa mnene.

Jumapili, Aprili 7

66. Nimenunua kalamu mpya, nayo ncha yake ni nene. Bado tuko mbali sana na 108.

Jumatano, Aprili 10

Daraja limefunikwa. Sista amepelekwa ng'ambo ya pili kwenye chanjo za watoto, atarudi mwezi ujao. Sikusikitika.

Jumapili, Aprili 14

65. Nilijua ni kalamu.

Jumatatu, Aprili 15

Msusi amekuwa mtangazaji. Kila anayekaa kitini anasimuliwa mguu: ulivyokuwa mia na nane, ulivyoshuka mpaka sitini na moja kwa siku tano. Ananiita nilete plastiki, nami natoka nyuma ya pazia nazo kama mtoto aliyeitwa kuonyesha ripoti ya shule. Wanawake wanashika vinywa. Anasimama kutwa nzima sasa, anasuka vichwa vinne, anacheza akichana. Sijamwona hivi tangu binti yetu aolewe. Jioni mguu umevimba kama mkate, lakini anasema uvimbe ni uchovu, kidonda ndicho kesi.

Jumapili, Aprili 21

71. Hewa imelowa, kila kitu kimelowa, hata kitambaa kwenye rafu kimeongezeka uzito. Mguu nao hauwezi kubaki nyuma.

Jumatano, Aprili 24

Harufu imerudi. Msusi ameweka maganda ya machungwa kwenye kikaango, chumba kizima kinanukia moshi wa machungwa.

Jumapili, Aprili 28

78. Kati ya baka na kidonda sasa pana unene wa ukucha. Msusi aliuliza ngapi. Nikasema sabini hivi. Akasema, "Bado iko chini ya mia, Mungu mkubwa," akadondosha matone yake.

Jumanne, Aprili 30

Nataka niandike haya taratibu kama yalivyotokea.

Asubuhi nilikuwa nakata sketi za sare. Nina kiolezo cha karatasi ngumu cha miaka mingi. Nilikitandika juu ya kitambaa, nikazungusha chaki. Mawazo yangu yalikuwa kwenye 78. Nilipoinua kiolezo niliona mstari wa chaki umekizunguka kwa mbali, nusu kidole pande zote, bila kupinda, bila kukosea hata mahali pamoja. Ni nafasi ya mshono. Kila fundi huiacha, la sivyo nguo ikishonwa hupungua. Siipimi wala siifikirii. Mkono umekwisha kuiacha kabla sijaamua.

Nikabaki nimeshika chaki.

Halafu nikatoa plastiki ya kwanza kwenye bahasha. Nikapima kutoka mstari mpaka nukta ya baka: nusu kidole. Nikafungua daftari hili, Machi 3. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba kati ya baka na kidonda pana upana wa kidole kimoja. Mguu ulikuwa na kidole kizima, plastiki ina nusu. Nusu iliyobaki niliila mimi.

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikachora upya. Ndani ya mstari wa Machi 3 nikarudi nusu kidole kuzunguka, nikahesabu: 63. Wa Machi 10: 60. Wa Machi 17: 57.

Hizo ni wiki za bendeji. Kilikuwa kinapungua. Polepole, kwa uchungu, miraba mitatu kila wiki, kilikuwa kinafunga. Kisha Sista akanisahihisha, nikaanza kuchora mdomoni, ikatoka 61, nasi tukalia kwa furaha. Sitini na moja lilikuwa ongezeko. Kutoka 57. Wiki ileile tuliyoweka bendeji kabatini.

Tangu siku hiyo karibu kila Jumapili plastiki ilinieleza kuwa kidonda kinakua, na kila Jumapili nilitafuta pa kusingizia, mara kalamu, mara hewa. Nilimkasirikia binti wa watu kwa kuniuliza kama nimechora vizuri.

Mbele ya pazia Msusi alikuwa anamsimulia mtu mguu wake. Aliniita nilete plastiki. Nilisema sizioni.

Jumatano, Mei 1

Mvua. Sikusema.

Alhamisi, Mei 2

Mvua. Nimeshona vifungo. Asubuhi alifurahi sana kwa sababu kiatu cha zamani kilimwingia ule mguu wenye kidonda. Sikusema.

Ijumaa, Mei 3

Mwalimu alikuja kabla hatujafagia. Hakuja kusukwa. Baba yake ana sukari, ana kidonda chini ya unyayo, na hospitali wamempa tarehe ya kurudi kila wiki. Mzee amechoka na safari. Mwalimu alisema yeye anajua maandishi ya chupa yanasemaje, angemkataza mwanafunzi wake, lakini ameziona zile plastiki kwa macho yake. Aliomba chupa mbili. Msusi alikuwa tayari ameinua mkono kwenye rafu.

Nilitoka nyuma ya pazia nikasema, "Usimpe."

Wakanitazama wote. Nilimwomba Mwalimu ampeleke mzee kwenye tarehe yake, leo kama inawezekana, na asimame kidogo asikie kwa nini. Kisha nikaziweka plastiki zote tisa mezani, kwenye meza ya sabuni na vitana, nikaeleza. Nilieleza kwa mkono: nilichukua karatasi nikaizungushia chaki kama ninavyozungusha kila siku, nikawaonyesha ule uwazi. Mwalimu alielewa mara moja, akafunga macho. Aliaga kwa sauti ndogo akaondoka kwenye mvua bila mwavuli. Niliona anakimbia.

Msusi hakukimbia kuelewa. Alichukua plastiki ya kwanza na ya tisa, akazipandanisha, akazitenganisha, akazipandanisha tena. Aliuliza leo ni ngapi kwa kweli. Nikasema sabini na nane, na siku ya kwanza ilikuwa sitini na tatu. Akauliza nimejua lini. Nikasema Jumanne. Alihesabu siku kwa vidole, polepole, mpaka akafika Ijumaa.

Halafu akasema, "Kwa hiyo Fundi ulinishonea kidonda kikubwa kuliko changu, ili nikivae kwa raha."

Nilisema nisamehe. Akasema hilo tutalizungumza tukiwa na miguu minne, akaniomba nimletee bendeji kabatini. Nilipiga magoti nikaanza kufunga. Sehemu ya kifundo nilipunguza mkono, kwa mazoea ya kumwonea huruma. Akaushika mkono wangu akauvuta mwenyewe mpaka bendeji ikalia.

Jumamosi, Mei 4

Tumevuka kwenye lori la mchanga. Dereva alimweka Msusi mbele, mimi nikakaa juu ya mchanga na turubai. Maji yalifika kwenye ekseli.

Sista amerudi tangu juzi. Alifungua, akanusa, akagusa kuzunguka kwa kidole, akatafuta mapigo juu ya unyayo, akaingiza kijiti chembamba kuona kina. Msusi alitazama dari. Mimi nilitazama uso wa Sista, uso uleule usiopepesa macho, nikaona mdomo wake unatetemeka kabla hajaubana. Kumbe ndivyo anavyofanya. Anaubana ili sisi tusiogope.

Akasema kuna maambukizo, lakini mfupa bado. Siku kumi zaidi asingesema hivyo.

Nilimpa plastiki na daftari hili, nikamwambia asome Machi 22, Machi 25 na Aprili 30. Alisoma akiwa amesimama. Nilingoja anikaripie. Alirudisha daftari akasema kosa la kwanza ni lake, kwa sababu alisema pembeni, na pembeni ya fundi si pembeni ya muuguzi. Alipaswa kuchora mstari mmoja mbele yangu.

Msusi akauliza kama ni matone yaliyomfanya hivi. Sista akasema matone hayana kosa kwa kazi yake. Huenda yanasaidia ngozi nzima, na kuhusu vidonda wataalamu wanaendelea kupima, lakini kwa chupa safi za hospitali, si ya nywele iliyofunguliwa mara hamsini. "Kilichokuumiza, mama, ni kuivua bendeji. Nywele za yule mteja wako zilitaka kulegezwa. Mguu wako unataka kukazwa." Msusi aliitika kwa kichwa. Alisema angelielewa neno hilo mapema kama lingekuja kwa lugha ya nywele.

Tumepewa vidonge, na barua ya hospitali kubwa.

Jumapili, Mei 12

80. Nimechora mdomoni. Msusi amemwambia kila mteja ukweli, mmoja mmoja, hata wale waliokwisha kusahau. Kwa kila mmoja ananiita nitoke nyuma ya pazia nisimame. Sijui ni adhabu au ni kunishika mkono. Natoka.

Jumatano, Mei 15

Mwalimu alipita. Mzee wake alifika hospitali siku ileile. Wamemkata kidole kimoja cha mguu, unyayo umebaki. Alisema angechelewa wiki hali isingekuwa hiyo. Hakusema asante wala hakulaumu. Alikaa, akasukwa, nywele za mbele zikaachwa huru.

Jumapili, Mei 19

77. Harufu imekwisha. Anasuka ameketi sasa, mteja chini kwenye mto, mguu wake juu ya kiti cha pili. Anasema vichwa vya watu kutoka juu vina siri nyingi.

Alhamisi, Mei 30

Hospitali kubwa, siku ya nne. Daktari ameamua kuchukua ngozi nyembamba ya paja na kuitandika juu ya kidonda, kwa kuwa sasa ni kisafi. Alimchora pajani kwa kalamu mbele yetu. Nilikuwa na plastiki yangu ya mwisho mfukoni, nikaona anachora kupita ukubwa wake. Nikamwuliza kwa nini. Akasema ngozi ikishakatwa hujikunja, lazima uache nafasi.

Msusi aligeuza shingo kwenye mto akanitazama. Sikujua nicheke au nifiche uso. Yeye alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa, kisha machozi yakamtoka, akaomba nikae karibu mpaka wamchukue.

Jumamosi, Juni 1

Wamemfanyia. Inashika au haishiki, tutajua wakifungua siku ya tano. Binti amefika. Aliniamkia, akanitengenezea kola ya shati, hakusema lolote kuhusu boksi.

Jumatano, Juni 5

Wamefungua. Sehemu kubwa imeshika. Pembeni, upande wa baka, kipande kimeoza, daktari amekitoa. Bendeji ni ya maisha, amesema, hata kidonda kikifunga. Msusi alisema maisha ni marefu ya kutosha kuizoea.

Jumapili, Juni 16

Nyumbani. Hakuna mvua kwa siku sita, matope ya njiani yamekuwa vumbi. Bati nimelitia lami.

Asubuhi Msusi aliinua mguu juu ya kiti akaniambia nilete plastiki. Nilimwambia Sista atakuja kesho, yeye ndiye achore, mkono wangu siuamini. Akasema Sista ataolewa, atahamishwa, atazaa, na mguu utabaki humu ndani. Akanipa kalamu.

Nilichora kile kipande kilichobaki karibu na baka. Nilipita mdomoni, pale wekundu unapokutana na ngozi, nikiuzuia mkono kila nukta, maana ulitaka kutoka nje. Jasho lilinidondoka juu ya plastiki, nikalifuta, nikaanza upya. Kisha nikaiweka juu ya daftari la hesabu, nikahesabu mara mbili.

"Ngapi?" akauliza.

"Tisa."

Aliielekeza ncha ya chanuo kwenye plastiki.

"Tisa ya mguu, Fundi, au tisa na nafasi ya mshono?"

"Ya mguu," nikamwambia.

Akaninyooshea bendeji.